Kabla Hujavunja Jiko la Uani: Tafuta Mwenye Nguvu na Mwaminifu



Tumeshazungumza mengi humu kuhusu hina, singo, ukumbi na mavazi. Leo nataka niseme jambo ambalo sijapata kuliona kwenye orodha ya matayarisho ya bi harusi yeyote, na hali kwa nyumba nyingi za kwetu ndilo linalotangulia yote. Nalo ni kuvunja.

Nieleze. Hapa Unguja bado zipo familia nyingi ambazo binti akiolewa, fungate hukaliwa nyumbani kwao, na pengine maharusi huanza maisha hapohapo mpaka wapate pao. Basi posa ikishakubaliwa, wazee hugeuza macho uani. Pale palipo na jiko la zamani na stoo panatakiwa chumba chenye choo chake. Kila mtu huanza kuzungumza rangi ya vigae na ukubwa wa kitanda. Nani atalitoa hilo jiko, kwa njia gani, na kifusi chake kitakwenda wapi, hayo hayazungumzwi. Husemwa tu, "Ataitwa mtu avunje."

Huyo "mtu" ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Nyumba yetu iko Ng'ambo, katika mitaa ile ya zamani ambayo nyumba zimegusana na vichochoro vyake havipitishi gari. Aliijenga baba yetu, Mungu amrehemu. Mbele ni vyumba, nyuma ni ua wenye jiko, stoo na choo cha zamani, vyote vimeegemea ukuta mmoja wa mawe na chokaa. Upande wa pili wa ukuta huo ni kwa jirani yetu, bibi mjane ambaye ametulea sote. Barazani kwake uani kuna chuo. Watoto wa mtaa wanasoma Qur'ani hapo kila siku baada ya alasiri, na migongo yao hugusa ukuta huohuo.

Mdogo wangu alipochumbiwa, harusi iliwekwa Mfungo Mosi. Kwa hivyo kazi ya kuvunja ilibidi imalizike Shaabani, watu wasije wakapiga nyundo wamefunga, na masika yasije yakatukuta ua uko wazi.

Ami yetu alikuja na jawabu siku hiyohiyo. Anawajua vijana watatu wenye nyundo. Watavunja kwa siku mbili, kwa bei isiyofika nusu ya mtu mwengine yeyote, na kifusi "watakijua wenyewe". Ami ni mtu mwema, na alikuwa akitupunguzia gharama kwa nia safi. Alisema kujenga ndiko kunakotaka fundi, kuvunja hakuna elimu, ni nguvu tu.

Neno hilo utalisikia kwa watu wengi. Mimi lilinikumbusha kisa tunachokisoma katika Suratul Qasas. Nabii Musa, alayhi salaam, alifika Madyan akiwa mgeni asiye na kitu. Akawakuta mabinti wawili wamesimama kando ya kisima, akawanyweshea wanyama wao bila ya kuombwa ujira. Baadaye mmoja wa mabinti hao alimshauri baba yake amwajiri, na akampa sababu mbili: huyu ana nguvu, na huyu ni mwaminifu. Ni aya ya 26. Tazameni, dada zangu: ushauri huo wa ajira umetoka kwa mwanamke, tena binti, na Mwenyezi Mungu ameuhifadhi katika Kitabu chake. Aliisema baada ya kuiona kazi ya yule mtu kwa macho yake. Na sifa alizitaja mbili pamoja.

Wanavyuoni wameeleza kuwa nguvu ya kila kazi inategemea kazi yenyewe. Nguvu ya kadhi si nguvu ya askari. Basi nguvu ya mvunjaji ni ipi? Mama ndiye aliyetupa njia ya kuijua. Alisema, "Waiteni wote, kisha muwaulize swali moja tu. Muwaulize wataanza wapi."

Tuliita watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Mume wangu alikuwapo, lakini maswali tuliuliza mimi na Mama, kwa sababu nyumba ni ya kwetu na Mama ndiye anayelala pale.

Kiongozi wa vijana wa ami alijibu papo hapo. "Popote, bi mkubwa. Tunaupiga chini, wote unakuja wenyewe."

Wa pili alikuwa na leseni na gari lake mwenyewe. Alisimama mlangoni, akatazama uani kwa mbali, akataja bei. Hakuingia.

Wa tatu hakujibu. Aliomba ngazi. Akapanda akatazama paa, akashuka, akauliza paa lile liliwekwa lini. Akauliza waya wa umeme wa jikoni unatokea wapi na bomba la maji linapita wapi. Akauliza karo la choo liko upande gani, maana choo cha zamani hakina alama. Kisha akasema, "Mama, nisaidie unibishie hodi kwa jirani, niuone ukuta kwa upande wake." Alipotoka huko ndipo alipolijibu swali la Mama. Alisema kazi itaanzia juu, kwa kufuata njia ileile iliyojengewa, lakini kinyume: kilichowekwa mwisho kinatoka mwanzo. Paa, kisha boriti, kisha ukuta kutoka juu kuja chini, jiwe kwa jiwe pale penye jirani.

Alitueleza na sababu, nami nawapa kama nilivyoelewa. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa hauna nondo ndani yake. Unasimama kwa uzito wake, na kwa kushikana na kuta nyengine na paa. Chokaa ikinywa maji miaka mingi hulegea, na kwa nje huwezi kujua kwa sababu lipu inaficha. Ukuta kama huo ukiupiga chini unaondoa kile kinachoubeba, na wewe umesimama mbele yake. Utaangukia unakotaka wenyewe.

Sisi wa Unguja hatuhitaji mifano ya mbali. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilibomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, na wapo waliopoteza maisha. Jengo kongwe linapoguswa ndipo hatari yake inapokuwa kubwa zaidi. Kama ni hivyo kwa jumba lile, jiko la uani pia linataka mtu anayejua.

Jambo la pili alilotuonesha lilikuwa lile paa. Jiko letu liliezekwa kwa yale mabati ya kijivu, mazito, ya mawimbi, ambayo si ya chuma. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto. Zamani yalisifiwa kwa kuwa hayapigi kutu na hayapitishi joto, na majengo mengi ya miaka ya nyuma yaliezekwa nayo. Likiwa zima na halijaguswa halina shida kubwa. Ukilipasua kwa nyundo au kulikata kwa msumeno, nyuzi zake huruka zikiwa ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na mtu huzivuta pumzi. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, na maradhi yake huweza kuchukua miaka mingi mpaka yaonekane. Kijana anayeyapasua leo huenda akaugua akiwa ana wajukuu, na hakuna atakayekumbuka jiko la nani.

Mkandarasi yule alisema yataroweshwa maji kwanza, misumari itang'olewa, kila bati litashushwa zima, lifungwe kwa plastiki nzito na litiwe alama. Vijana wake watavaa barakoa zilizotengenezwa kwa vumbi la namna hiyo, si kitambaa. Na wapi pa kuyatupa ataulizwa mtu wa mazingira kabla bati la kwanza halijashuka. Nakuomba dada yangu, kama uani kwenu kuna mabati ya aina hii, usimwachie mtu ayavunje, na usiyagawe kwa anayetaka kuezekea banda la kuku. Kumpa masikini kitu cha kumdhuru si sadaka.

Hiyo ndiyo nguvu. Bado uaminifu.

Uaminifu wa kwanza ulikuwa wetu sisi wenyewe. Nyumba ile ni ya warithi. Baba amefariki, na hatukuwa tumegawana. Mimi, mdogo wangu, Mama na kaka yetu aliyeko Maskati sote tuna sehemu, hata katika lile jiko lililopasuka. Mtu mmoja hana haki ya kuvunja mali ya watu wanne kwa sababu ya furaha ya mmoja, hata kama furaha yenyewe ni harusi. Tulimpigia kaka, tukamweleza kinachovunjwa, kitakachojengwa na fedha ya nani itatumika. Alikubali kwa sauti, tukamwomba aandike pia. Karatasi ikasainiwa na sote, na sheha akaiona. Ami alituona tunakuza mambo. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana deni. Kuandika si kutoaminiana. Kunamlinda kila mmoja na usahaulifu wake na wa mwenzake, na kunawalinda watoto watakaokuja baada yetu wasije wakagombana kwa jambo ambalo sisi tulilielewana.

Na mkandarasi naye tuliandikiana. Karatasi moja tu, kwa Kiswahili cha kawaida. Kinachovunjwa na kisichoguswa. Siku ya kuanza na ya kumaliza. Saa za kazi: kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri, kwa sababu ya chuo. Nani anakata umeme na maji. Nani atatengeneza ukuta wa jirani ukiharibika. Nani anawagharamia vijana wakiumia. Kifusi kinakwenda wapi. Malipo kwa theluthi tatu: ya kwanza vifaa vikifika, ya pili kikishavunjwa cha mwisho, ya tatu ua ukishafagiliwa na sisi tumeridhika. Kabla ya kuanza, mkandarasi alipiga picha kila ufa uliokuwapo kwenye ukuta wa bibi, akaziacha kwake na kwetu. Bibi alifurahi kuliko sote. Alisema ni mara ya kwanza mtu kuja kumuuliza habari za nyumba yake kabla ya kuitikisa.

Kifusi nacho ni amana. Ule usemi wa "watakijua wenyewe" maana yake mara nyingi ni kuwa kitamwagwa usiku pembeni ya mtaro, au ufukweni, au kwenye kiwanja cha mtu asiyekuwapo. Masika yakija, mtaro uliozibwa na jiko lako unapeleka maji kwenye nyumba za watu wa bondeni, na wao hawakualikwa hata kwenye hiyo harusi. Mtume, sallallahu alayhi wasallam, ametufundisha kuwa kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika tawi la imani. Basi itakuwaje kwa anayekiweka? Mkandarasi wetu alitenga kifusi mafungu mawili. Mawe mazima na boriti nzuri zilibaki, na mawe yale ndiyo yaliyoingia kwenye msingi wa chumba kipya. Kilichobaki kilitolewa kwa magari ya kukokota mpaka barabarani, kikapakiwa kwenye tipa na kupelekwa mahali alipopewa ruhusa, na kila safari alituletea karatasi yake. Zilikuwa safari saba.

Kuna na habari ya makorokoro. Stoo ile ilikuwa haijafunguliwa sawasawa tangu Baba afariki. Wako watu wanaofanya kazi ya kutoa vitu vya zamani, wanakuja na gari wanabeba kila kitu asubuhi moja. Ni msaada mkubwa. Lakini msiwaruhusu waingie kabla nyinyi hamjapita. Tulikaa siku mbili sisi wanawake peke yetu, mlango umefungwa, tukitoa kimoja kimoja.

Kwanza tulitafuta maandishi. Tulikuta mashafu mawili yaliyochanika, juzuu za chuoni za utotoni mwetu, na karatasi zenye jina la Mwenyezi Mungu. Hizo hazichanganywi na taka. Tulizikusanya kwenye mfuko safi na kumpa imamu wa msikiti wetu, ambaye anajua namna ya kuzizika au kuzichoma kwa heshima, kama ilivyofanywa tangu zama za Sayyidna Uthman. Kisha tukatafuta hati. Ndani ya bati la biskuti, chini ya mafundo ya kamba, tulikuta risiti za kiwanja na karatasi moja ya Baba yenye majina ya watu anaowadai na wanaomdai. Wawili kati ya wanaomdai walikuwa hawajalipwa. Tuliwalipa kabla hatujanunua kigae kimoja. Mjue kuwa lau gari lingekuja asubuhi moja likazoa kila kitu, deni la mzazi wetu lingekwenda jaani pamoja na vyungu vilivyovunjika.

Kisha vya hatari: betri mbili za gari, makopo ya rangi ya zamani, chupa ya dawa ya mchwa isiyo na jina. Hivyo havichomwi wala havizikwi uani. Betri zina risasi na tindikali, na wapo wanaozinunua. Tuliviweka mbali na watoto na kumkabidhi mkandarasi kwa kuvihesabu. Kisha vyuma chakavu, ambavyo tulikubaliana avichukue na thamani yake ipunguzwe kwenye bei. Hili pia liandikeni, maana kitu kikiwa hakina mwenyewe anayejulikana, kila mtu humdhania mwenzake. Kisha vya kutoa, kisha vya kubaki. Mdogo wangu alichagua mbuzi ya nazi ya bibi yetu, ya mti, imelainika kwa kukaliwa. Ndiyo iliyoingia kwenye vyombo vyake vya harusi.

Nirudi kwenye kazi. Siku ya kwanza mabati yalishuka yote, maji yakimwagwa juu yake kama mtu anayemwagilia bustani. Tulifunika tangi la bibi kwa turubai, na tukatundika jengine kati ya ua na vyumba ili Mama awe na stara yake. Vijana waliingilia mlango wa nyuma, na kila asubuhi kabla ya kuingia walibisha hodi na kungoja kuitikiwa. Mkandarasi alikuwa amewaambia hivyo bila ya sisi kumwomba. Tulipomchagua tulisahau kuuliza jambo hilo kwa wengine wawili, lakini sasa ningelitia mwanzoni: nyumba ina wanawake, je watu wako wanajua adabu ya nyumba ya watu?

Siku ya pili, boriti zilipoanza kuonekana, alisimamisha kazi. Alituita tukaone. Boriti moja kubwa ya mkoko iliyobeba paa la jiko letu haikuishia kwenye ukuta. Ilipita ndani yake na kutokea kwa bibi, ikabeba na sehemu ya juu ya baraza lake. Nani aliijenga hivyo hakuna anayejua. Huenda zamani nyumba mbili zile zilikuwa za ndugu. Na chini ya boriti, ukuta ulikuwa umejitenga katikati, lipu ya huku na lipu ya kule, ndani chokaa imekuwa unga. Kwa macho ulikuwa ukuta mzima. Kilichokuwa kimeushika ni ile boriti na paa.

Dini imetufundisha tusiwe watu wa kusema "lau" kwa kuyasikitikia yaliyopita, kwa kuwa neno hilo hufungua mlango wa Shetani. Kwa hiyo sitasema. Nitasema tu kilichokuwapo: upande ule wa pili, kila siku baada ya alasiri, kuna watoto.

Kazi ilisimama siku moja nzima. Mkandarasi aliegemeza baraza la bibi kwa miti na mbao, akaikata boriti upande wetu peke yake, akautoa ukuta mbovu kwa mkono, na akajenga nguzo ya kuubeba upande wa jirani kabla ya kuendelea. Chuo kilihamishiwa ukumbini kwetu kwa siku nne, na Mama alifurahi kusikia watoto wanasoma nyumbani mwake. Gharama iliongezeka kidogo, na siku ziliongezeka mbili. Alituonesha hesabu, akataja nguzo kuwa ya kwetu na kazi ya siku ile kuwa nusu yake na nusu yetu. Tulikubali.

Ami alikuja jioni ile. Aliisimamia boriti akaitazama kwa muda. Hakusema kitu na sisi hatukumwambia kitu. Kesho yake aliwaleta wale vijana wake watatu, akamwomba mkandarasi awape kazi ya kubeba kifusi. Walipewa buti na glavu kama wengine, wakafanya kazi nzuri sana, na walilipwa siku kwa siku. Mmoja wao sasa anafanya kazi na mkandarasi yule. Kumbe vijana hawakuwa wabaya. Nguvu ya mikono walikuwa nayo, walichokosa ni mtu wa kuwaonesha paa kabla ya ukuta.

Nawakumbusha pia dada zangu mnaokaa Mji Mkongwe. Kwenu kuna jambo la ziada. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Hata ukuta wa ndani, ngazi, au mlango wa nakshi hauvunjwi wala kuondolewa kabla ya kupata ruhusa yao. Mkandarasi akikwambia "tufanye Ijumaa usiku, hawatajua," huyo amekwishakujibu swali la uaminifu. Anayekuibia sheria mbele yako hatakosa kukuibia na wewe nyuma yako. Nasi wa nje ya Mji Mkongwe tusijione huru. Anzeni kwa sheha wa shehia yenu na Manispaa, muulize kinachotakiwa kabla ya nyundo.

Basi bi harusi wangu mpenzi, na wewe mama wa bi harusi, mkikaa kuandika orodha yenu, kabla ya hina na kabla ya maua, wekeni mstari huu. Nani ana haki katika tunachokivunja, na je wote wameridhia? Mvunjaji ataanza wapi? Amelitazama paa, karo na waya? Ameingia kwa jirani? Nionesheni kazi mbili alizozimaliza, nikazungumze na wenye nyumba, hasa na majirani zao. Kifusi kinakwenda wapi, na kwa ruhusa ya nani? Watu wake wamevaa nini? Akiumia mmoja, nani atakwenda naye hospitali? Mwanamke anayeuliza haya si mkali wala hamdharau mwanamume. Yule binti wa Madyan alikuwa na haya mpaka Qur'ani ikautaja mwendo wake wa haya, na haya yake haikumzuia kusema maneno ya maana juu ya kazi.

Na kazi ikimalizika, lipeni siku hiyohiyo. Mtume, sallallahu alayhi wasallam, ametuhimiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na hakuna jasho linaloonekana kama la mtu anayevunja ukuta jua la kaskazi likiwaka. Fedha ya theluthi ya mwisho isipungue kwa ajili ya kununulia maua. Sisi tuliitenga kwenye bahasha tangu siku ya kwanza, Mama akaiweka chini ya mto wake, na ua ulipofagiliwa aliitoa mwenyewe kwa mkono wake, na sahani ya mandazi juu.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu zijengwe juu ya msingi wa halali, majirani wakiziombea heri, na awajaalie nyote fungate zenye utulivu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.